Ekipe isiyokuwa na kiwanja

Sisi ekipe ya darasa la tano tulichapwa 6–0 mbele ya masomo yote. Wengine wetu walisema: basi, tuache mupira. Mbele ya kuacha, tulikumbuka habari ya ekipe moja ya kisiwa.

Kisiwa kinaitwa Heimaey, katika inchi ya baridi ya Iceland, na ekipe yao ni ÍBV. Usiku wa tarehe 23 januari 1973 udongo ulipasuka kando ya muji, moto ukatoka. Watu karibu 5.300 walikimbia, wengi kwa mashua za wavuvi. Sisi wa Goma hatuna lazima ya kuelezwa: mwezi wa tano 2021 tulitembea mpaka Sake na godoro kichwani, na wenzetu wengine hawajarudi mpaka leo.

Kule nyumba karibu 400 zilimalizika. Mwaka ule ÍBV ilicheza kwa viwanja vya wengine. Tena katika kombe la Ulaya ikakutana na Borussia Mönchengladbach ya Ujerumani: 7–0. Nani kati yetu angeenda mechi ya pili? Wao walienda. Wakapigwa 9–1, lakini lile moja walilifunga.

Moto ulizimika mwezi wa saba. Watu wengi wakarudi, wakaondoa majivu. Mwaka 1979 ÍBV ikawa bingwa wa Iceland mara ya kwanza.

Sisi tulipigwa sita tu. Siku ya posho tutakuwa kiwanjani. Mukitaka kutucheka, mucheke, lakini mukuje.