Herufi Nane Zilizotaka Kuvunja Ndoa Yangu

Nilishawahi kumwita mume wangu mwongo. Kumbe mwenye kosa nilikuwa mimi.

Mwaka 2019 mwenzangu alikuwa Manchester, Uingereza, anapiga kazi na kujibana. Mimi nipo Dar, nimepata kiwanja Kigamboni na mwenye nacho kanipa wiki mbili tu. "Mama, pesa nimetuma Jumatatu," akaniambia. Ijumaa nikaangalia akaunti, hola. Wiki ya pili, hola. Mashoga wakanijaza: "Huko ana mwenzio huyo!" Na mimi nikajaa. Nikampigia usiku, nikamtolea maneno ambayo mpaka leo natamani ningeyameza. Hakubishana. Alisema tu, "Nakutumia risiti, soma mwenyewe."

Jina langu lilikuwa sawa, namba ya akaunti sawa. Nilipofika kwenye msimbo wa SWIFT nikaishiwa nguvu.

Msimbo huo, unaoitambulisha benki kimataifa, huwa na herufi 8 au 11, na tarakimu zinaweza kuchanganywa humo. Nne za kwanza ni za benki, mbili zinazofuata ni za nchi: TZ kwetu, KE Kenya, GB Uingereza. Mbili nyingine zinaonyesha mahali, na tatu za mwisho, zikiwepo, ni za tawi. TZ yangu ilikuwepo, ila nne za mwanzo zilikuwa za benki niliyoihama nilipobadili kazi! Nilikuwa nimenakili kutoka kwenye meseji ya zamani. Pesa ikaenda benki ambayo akaunti yangu haipo, ikarudishwa Uingereza ikiwa imeshakatwa ada.

Kiwanja akachukua mtu mwingine. Niliomba radhi kwa simu, na aliporudi nikaomba tena uso kwa uso. "Pesa hainiumi," akasema. "Kilichoniuma ni kwamba uliamini haraka."

Sina jibu la hilo mpaka leo. Ninachofanya sasa, msimbo nauchukua benki yenyewe, siyo kwenye meseji za zamani. Jina naliandika kama lilivyo kwenye akaunti, halafu tunasomeana herufi moja moja kwa simu. Nawe shoga, pesa ikichelewa, ulizia risiti kwanza. Habari za mwanamke mwingine zingoje.