Maua ya Kivulini Nyuma ya Nyumba za Cambridge

Mji wa Cambridge uko mashariki mwa Uingereza, kiasi cha kilomita 80 kaskazini ya London. Wageni wengi wafikao huko huenda kuyatazama majengo ya kale ya Chuo Kikuu na mto upitao nyuma yake, kisha wakarudi zao. Ni wachache wavukao upande wa pili wa reli, ambako ziko nyumba za matofali zilizojengwa katika karne ya 19 kwa ajili ya wafanyakazi, wengi wao wa reli. Nyumba hizo zimeshikamana bega kwa bega mithili ya kota za polisi, na nyuma ya kila moja mna kiwanja chembamba kilichozungushiwa ukuta, ambacho mtu aweza kukimaliza kwa hatua chache.

Msomaji aliyezaliwa karibu na Ikweta hana budi kuelezwa jambo moja kuhusu jua la huko. Jua la Cambridge halifiki utosini hata siku moja katika mwaka. Mwezi Desemba huchomoza baada ya saa mbili asubuhi, likatua kabla ya saa kumi alasiri, na adhuhuri yenyewe huwa limesimama chini upande wa kusini, nyuzi zipatazo 14 tu juu ya upeo wa macho. Nyumba yenye kimo cha mita 7 hutupa kivuli cha mita zipatazo 27. Kwa hiyo kiwanja kilicho upande wa kaskazini wa nyumba hukaa tangu Novemba hadi Februari bila kuguswa na mwali wa jua. Ukuta huota kuvumwani, ardhi huwa baridi na yenye unyevu, na nguo zinazoanikwa huko hazikauki.

Wenyeji wengi hukikata tamaa kiwanja cha namna hiyo, wakakiachia mapipa ya taka na baiskeli mbovu. Lakini wako wanaojua siri yake. Katika viwanja vyao, mwezi Februari, wakati bustani zinazotazama jua zingali tupu, mtu huona maua meupe, ya waridi, ya manjano hafifu, na mengine ya zambarau iliyokolea hata kukaribia weusi. Mmea huo huitwa helebori.

Waingereza huita aina moja Waridi la Krismasi, na nyingine Waridi la Kwaresima, kwa kufuata majira ya kuchanua kwake, ingawa si mawaridi hata kidogo. Ziko aina zipatazo 20 za helebori duniani. Nyingi zatoka katika milima ya Balkani. Ile ya Krismasi ni ya milima ya Alpi, na moja imejitenga peke yake huko China. Zile zinazojaza bustani za Uingereza hivi leo ni uzao uliochanganyika, ambao shina lake kubwa ni Waridi la Kwaresima lililotoka Uturuki na milima ya Kaukasia.

Jambo la kwanza analoliona mgeni ni kwamba maua hayo hayamtazami mtu. Yameinamisha vichwa, na chavua yake hukingwa hivyo na mvua. Atakaye kuyaona sharti apige goti, ayainue kwa kidole. Akina mama wa huko wana dawa ya jambo hilo: huyakata maua bila vikonyo, wakayaelekeza juu na kuyaeleza katika bakuli pana la maji mezani, na chumba chote kikapambika. Na kile kinachodhaniwa kuwa petali si petali, bali ni sepali, yaani vifuniko vilivyolilinda tumba kabla halijachanua. Ndiyo sababu ua la helebori halipukutiki baada ya siku tatu kama maua mengine. Hudumu kwa majuma mengi, likibadilika polepole kuelekea rangi ya kijani.

Kazi ya kuupanda si ngumu, ila yataka mtu asiye na haraka. Udongo huchimbwa kwa kina kinachozidi koleo moja, ukachanganywa na mboji ya majani yaliyooza, kwa maana mmea huu hupenda unyevu lakini huchukia maji yaliyotuama. Mahali pazuri kuliko pote ni chini ya mti unaopukutisha majani: wakati wa kiangazi mti huupa kivuli, na wakati wa baridi, matawi yakiwa uchi, huuachia mwanga mdogo uliopo. Mwezi Desemba au Januari majani yote ya zamani hukatwa na kuondolewa kabisa. Mgeni huliona tendo hilo kuwa la ukatili, lakini majani hayo ndiyo yanayobeba ukungu wa madoa meusi, na yakiachwa huyaambukiza maua yanayochipuka.

Asubuhi ya sakitu kali ndiyo inayomtia hofu mkulima mpya. Hutoka na kuukuta mmea wake umelala chini kifudifudi, vikonyo vimelegea kana kwamba vimemwagiwa maji ya moto. Wako waliokwisha kuung'oa kwa kudhani umekufa. Kumbe sakitu ikiyeyuka, maji hurudi katika vikonyo, na kufikia adhuhuri mmea umesimama wima kama askari aliyeitwa gwarideni. Nyuki wakubwa wenye manyoya, watokao mapema katika mashimo yao, hukuta hapo chakula wakati ambapo maua mengine ni haba. Uchunguzi uliofanywa Hispania na kutangazwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba katika aina moja ya helebori, ambayo huota pia katika misitu ya Uingereza, chembe za hamira zinazoishi ndani ya nekta hulitia ua joto kuliko hewa iliyolizunguka.

Hata hivyo, mmea huu una sumu tangu mzizi hadi mbegu. Utomvu wake huwasha ngozi, na wakulima wenye busara huvaa glavu. Wavuvi wa mito ya Afrika Mashariki waliowahi kusikia habari za utupa, uvuvi ambao umepigwa marufuku kwa sababu nzuri, hawatashangazwa na kisa alichokiandika msafiri wa Kiyunani, Pausanias, katika karne ya 2 baada ya Kristo. Asimulia kwamba katika vita vya kuuzingira mji wa Kirrha, mwanzoni mwa karne ya 6 kabla ya Kristo, Solon aliyageuza maji ya mto Pleistos yasiingie mjini. Watu wa Kirrha wakavumilia kwa maji ya visima na ya mvua. Ndipo alipotupa mizizi ya helebori mtoni, na maji yalipokwisha kuwa na sumu, akayarudisha katika njia yake. Wenyeji wakayanywa kwa pupa, wakashikwa na tumbo la kuhara lisilokoma, na walinzi wakaacha malindo yao juu ya ukuta. Waandishi wengine wa kale humtaja mtu mwingine kuwa ndiye mwenye hila hiyo. Vyovyote iwavyo, mama mwenye mtoto atambaaye hapaswi kuupanda mmea huu karibu na mlango, kama asivyopaswa kuuacha mranaha uote uani.

Ugumu mwingine ni wa muda. Mbegu ya helebori yahitaji ipite kwanza katika joto la kiangazi, kisha katika baridi, ndipo iote. Na mche huchukua kiasi cha miaka mitatu kabla ya kutoa ua la kwanza. Wala hakuna ajuaye rangi itakayotoka, kwa kuwa mtoto hafanani na mama. Mmea ukishakomaa huweza kuishi miaka mingi mahali pamoja, lakini haupendi kuhamishwa. Askari aliyepokea barua ya uhamisho akiwa amepanda miembe mbele ya kota ataelewa: mara nyingi katika nyumba hizo za matofali, aliyepanda ni mmoja na aliyeona ua ni mwingine, mpangaji mgeni aliyekuja na baiskeli yake akitafuta pa kuiegemeza.

Asiye na mwenyeji mjini aweza kuyaona maua hayo katika Bustani ya Mimea ya Chuo Kikuu, iliyofunguliwa mwaka 1846, ambamo sehemu maalumu ya mimea ya kipupwe ilitengenezwa mwishoni mwa miaka ya 1970. Mwezi Februari ndio bora. Lakini anayekwenda Juni asidhani amechelewa kabisa. Wakati huo maganda hupasuka, mbegu nyeusi zikaanguka chini, na kila mbegu ina kinundu cha mafuta ambacho sisimizi hukipenda. Huzibeba hadi mashimoni mwao, wakakila kinundu na kuitupa mbegu nje, hapo hapo kivulini, penye unyevu, chini ya ukuta.