Safari ya Mwisho ya Tawakal

Msafiri anayekwenda Kisiwa cha Mafia siku hizi hupanda ndege, au hushika barabara mpaka Nyamisati na kuvukia hapo kwa chombo cha injini. Vyombo vya tanga bado vipo, lakini mwenye haraka havipandi, na zama hizi kila mtu ana haraka. Waliobaki navyo ni wenye nazi, wenye samaki wakavu, na wale ambao chombo kwao ni urithi. Sisi tulikuwa kundi hilo la tatu, na urithi ndio uliotutenganisha na jahazi letu.

Tawakal lilikuwa jahazi la marehemu baba, Allah amrehemu. Lilijengwa Chole, kisiwa kidogo kilicho katika ghuba ya kusini-mashariki ya Mafia, ambako mafundi hawachori ramani. Huulaza mkuku juu ya mchanga, kisha jicho na tezo hufanya yaliyobaki. Mataruma hawayalazimishi kupinda. Huingia porini kutafuta mti uliojipinda wenyewe kwa kadiri inayotakiwa. Nafasi za mbao huzibwa kwa pamba iliyolowekwa mafuta, ndiyo kazi ya kukalafati, na ubavu hupakwa sifa, yaani mafuta ya papa. Aliyewahi kulala karibu na chombo kilichopakwa sifa anajua kuwa harufu ile haitoki nguoni kwa sabuni moja.

Kwa miaka 26 lilipeleka nazi Dar es Salaam na kurudi na unga, saruji na mabati. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipofika Mafia, tuliliingiza ndani ya mkono wa bahari wenye mikoko, tukalifunga kwa kamba nne, likatoka salama. Mwenye jahazi hakuumaliza mwaka ule.

Baada ya maziko tuliketi na sheikh wa msikiti wetu. Kwanza deni: baba alikuwa akidaiwa kitambaa cha tanga dukani. Wasia wa mali hakuacha. Wazazi wake walikwisha kutangulia, hivyo warithi walikuwa mama, wana wawili wa kiume na mabinti wawili. Sheikh aligawa mali katika mafungu 48: mama 6, ambayo ni thumni yake, kila mwana wa kiume 14, kila binti 7. Hesabu ilikuwa nyepesi. Uzito ulikuwa kwamba mali yenyewe ni jahazi, na jahazi halikatwi vipande.

Kaka yangu, aliyekuwa nahodha wake, alitaka abaki nalo na kutulipa wengine kidogo kidogo. Sheikh alisema inafaa, maadamu warithi wote wameridhia bila kuoneana haya. Mama akaridhia, nami pia, na dada mkubwa vilevile. Dada mdogo alinyamaza. Yeye ni mjane, ana mayatima watatu, na ada ya shule haingoji msimu wa nazi. Hakusema neno la kudai. Alisema tu kwamba hawezi kutamka kuwa ameridhia ilhali moyo wake haukuridhia. Kaka alimtazama kwa muda, kisha akasema jahazi liuzwe. Sijapata kumwona akitoa amri nzito kuliko hiyo baharini.

Mnunuzi alipatikana Dar es Salaam, na sharti lilikuwa tumfikishie. Tuliondoka Kilindoni mwezi Agosti, baada ya Adhuhuri, maji yakiwa yamejaa na kusi likivuma sawasawa. Mabaharia wanne walitweka tanga kwa wimbo, ingawa sauti zao hazikuwa za siku zote.

Jambo moja kuhusu njia hii wengi hawalijui. Mafia na Makka zinakaribia kuwa katika mstari mmoja wa kusini na kaskazini. Tofauti ni chini ya robo digrii ya longitudo. Kutoka Kilindoni mpaka usawa wa Kimbiji chombo huelekea karibu kaskazini tupu, kwa hiyo omo lenyewe huonyesha kibla. Magharibi na Isha tulizijumuisha, Isha kwa rakaa mbili za msafiri, huku Kwale ikiwa giza jepesi upande wa kushoto. Kaka alisali peke yake baada yetu, kwa sababu hakutaka kumwachia mtu mwingine usukani usiku ule.

Kulipopambazuka Kimbiji ilikuwa karibu. Kisha zikaja Sinda, kisha mnara wa Makatumbe, na mlango mwembamba wa bandari. Abiria wa pantoni ya Kigamboni walitupiga picha kwa simu zao. Tanga likatuliwa.

Mnunuzi alikuwa amekwisha kulikagua jahazi Mafia, na bei ilikwisha kukubaliwa. Hata hivyo kaka alimteremsha ngamani, akaondoa ubao, akamwonyesha taruma la sita kutoka tezi, ambalo limeanza kuoza na hupitisha maji chombo kikilala sana. Mnunuzi alipunguza bei pale pale. Nilihesabu kichwani hasara ya dada mdogo, nikampigia simu kumweleza. Akauliza, "Kaka ndiye aliyelionyesha?" Nikasema ndiye. Akasema, "Basi."

Mnunuzi atang'oa mlingoti na kutia injini. Alitueleza hilo bila kuficha, na kwa biashara yake ana haki. Kaka alimwambia nahodha mpya namna jahazi linavyopenda kushikwa, kwamba lisigeuzwe ghafla na kwamba shehena nzito ikae mbele kidogo ya mlingoti, mpaka akatambua kuwa mlingoti wenyewe hautakuwapo, akanyamaza.

Asubuhi iliyofuata tulipanda basi Mbagala kwenda Nyamisati. Kaka alikaa dirishani. Tulipopita Mkuranga aliniuliza kama bado ni mbali. Njia ile hakuwahi kuipita.