Miwani ya Mazoezi na Ridhaa ya Mvaaji

Askari yeyote aliyewahi kutembea kwa mguu sawa nyuma ya bendi anajua kwamba ngoma huuficha uchovu. Siri hiyo kongwe ndiyo iliyowapatia sifa vijana wachache wa Prague, katika Jamhuri ya Czech, waliotoa mchezo uitwao Beat Saber mwezi Mei 2018. Mchezaji huvaa usoni kifaa kinachoyaziba macho yasione chumba bali ulimwengu wa kubuni. Mikononi hushika vishikio viwili ambavyo kwake huonekana kama panga za mwanga, naye hukata nazo vipande vinavyomjia kwa mapigo ya muziki.

Jasho humtoka bila ya kuhesabu dakika, na hapo ndipo penye ridhaa. Mama anayeona haya kukimbia barabarani akitazamwa na majirani hupata uwanja wake sebuleni, iwapo kifaa chenyewe kinanunulika, jambo ambalo kwa mishahara ya wengi wetu si dogo.

Lakini si kila mchezo wa namna hii hupendeza. Macho yakiambiwa kwamba mwili unakwenda mbio, na sikio la ndani, lililo mizani ya mwili, likakana, kichefuchefu hakikawii. Beat Saber huepukana na balaa hiyo kwa kuwa mchezaji husimama mahali pamoja; vitu ndivyo vinavyomwendea.

Tena kuna uso wenyewe. Kifaa cha Quest 2, kilichotoka mwaka 2020, kina uzito wa gramu 503. Sponji yake iliwawasha baadhi ya wavaaji ngozi hata mauzo yakasimamishwa Julai 2021, na huko Marekani sponji zipatazo milioni nne zikahusika. Wenyewe wakapewa kifuniko cha silikoni bure. Kwa mhandisi hilo ni jambo dogo. Kwa mwenye kutoka jasho ndilo linaloamua kama kesho atakivaa tena.

Wala kuridhika si kupata afya. Shirika la Afya Duniani humtaka mtu mzima afanye mazoezi ya wastani dakika 150 kwa juma angalau, na anayepunga mikono huku miguu imetulia huchosha mabega kuliko mapafu. Heri michezo ya ngumi na ya kuchuchumaa. Ila meza iondolewe kwanza, na mtoto atolewe chumbani, maana mvaaji haoni na ngumi yake haichagui.