Sifuri Iliyozidi

Wiki tatu zilizopita tulimliza dada mmoja mbele ya mkutano mzima. Tunaona haya kuliandika, lakini tunaliandika, kwa sababu wengi wenu mlikuwapo, na wale ambao hamkuwapo mmelisikia sokoni na kando ya ziwa, na mliyoyasikia si yote ya kweli.

Mnajua kwamba AVEC yetu inaandika hesabu kwenye kompyuta. Tangu benki za Goma na Bukavu zilipofunga milango mwanzoni mwa 2025, lile sanduku la chuma lenye kufuli tatu ndilo benki yetu hapa Kalehe. Kila tarakimu iliyo ndani ya kompyuta ile ni pesa ya shule ya mtoto wa mtu, au mbegu ya maharagwe. Kompyuta yenyewe ni ya zamani. Chai ilimwagika juu yake, nusu ya vitufe vikafa, ndipo tukanunua klavye na suri zisizo na waya, zile zinazokuja na kipokezi kidogo kama ukucha cha kuchomeka ubavuni.

Mwezi wa kumi fundi alitushauri kubadilisha mfumo. Sababu yake ilikuwa ya kweli: Microsoft ilikomesha msaada wake wa kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na pesa za watu hazifai kukaa kwenye mfumo usiolindwa. Akaweka mfumo mpya. Akatuachia pia diski ya nje ya kutunza nakala ya hesabu, akasema tuiache imechomekwa siku zote. Tukamlipa, tukamshukuru.

Tangu siku hiyo suri ikawa mvivu. Unaisukuma, mshale unasimama palepale, kisha unaruka hadi pembeni. Sekretere wetu akiandika jina, herufi hazionekani, anangoja, zinatoka zote kwa pamoja, nyingine zimejirudia, nyingine zimepotea. Alituambia. Hapa ndipo panapotuuma: alituambia mara mbili, nasi tukamjibu kwamba mfumo mpya ni kama kiatu kipya, atauzoea tu.

Ikafika Alhamisi ya kusoma hesabu. Mama mmoja mjane, aliyeweka franga 50 000, akasomewa 5 000. Mwingine, aliyeweka 50 000 vilevile, akasomewa 500 000. Na huyo wa pili ni mke wa kaka yake sekretere. Baada ya hapo hakuna aliyeuliza swali tena. Tulipiga kelele, sisi wa komite tukiwa mbele. Mtoto wa watu akaweka ufunguo juu ya meza, akajifunika kitenge usoni, akaenda zake.

Vidaftari vya wanachama ndivyo vilivyotuokoa. Usiku ule tulihesabu mihuri, mmoja mmoja, kwa mwanga wa simu. Mihuri ilisema 50 000 na 50 000. Tulipopitia orodha yote tukakuta makosa mengine sita, manne yakiwa ya watu wasio na undugu wowote na sekretere, na moja lilimpunguzia yeye mwenyewe. Mwizi gani anajiibia?

Basi tukaigeukia mashine. Kwanza tulibadilisha pile, maana pile zikichoka mawasiliano hudhoofika. Hakuna kilichobadilika. Kisha mmoja wetu akaona kwamba sanduku la pesa limekaa katikati ya klavye na kompyuta. Chuma huzuia mawimbi ya redio, na klavye hizi huongea na kompyuta kwa redio. Tukaliondoa, ikawa afadhali kidogo, si sana. Tukaanza kusema turudishe mfumo wa zamani.

Kabla ya hapo tukaazima klavye yenye waya. Iliandika vizuri kabisa, kila tarakimu mahali pake. Kumbe kompyuta ilikuwa nzima, na mfumo mpya ulikuwa mzima pia. Ugonjwa ulikuwa hewani, kati ya klavye na kile kipokezi.

Dawa, tuseme ukweli, tuliipata bila akili. Siku moja mawingu yalifunika, umeme wa jua ukawa unaisha, tukachomoa diski ili kuokoa moto. Hapohapo suri ikakimbia kama samba kwenye maji. Tukachomeka diski, ikalala. Tukachomoa, ikaamka.

Mwalimu mmoja wa kompyuta alitueleza baadaye. Klavye na suri za namna hii hutumia mawimbi ya gigahezi 2.4. Diski yetu ni ya USB 3, ile ambayo mara nyingi tundu lake lina rangi ya buluu ndani, na inapopitisha data hutoa kelele ya redio inayoangukia palepale kwenye 2.4. Kampuni ya Intel iliandika juu ya jambo hili tangu 2012. Tundu la diski na la kipokezi yalikuwa jirani. Ni kama kumwita mtoto siku ya soko pale Nyabibwe huku umesimama kando ya kinu cha unga. Na sifuri iliyozidi? Unapoachilia kitufe, klavye hutuma habari kwamba umekiachilia. Habari hiyo ikipotea njiani, kompyuta hudhani kidole bado kiko pale, inaendelea kuandika sifuri.

Sasa kipokezi tumekitoa mbali kwa ralonji fupi ya USB, kiko juu ya meza karibu na klavye, na diski tunaichomeka tu wakati wa kunakili. Kama kwenu suri inalegea na hamna diski, tazameni pia mipangilio ya umeme: mfumo ukibadilishwa, kompyuta inaweza kurudia desturi ya kuzima tundu la USB ili kuokoa betri, na kuna alama ya kuondoa.

Jumapili tulikwenda kwa sekretere, komite yote, na yule mjane mbele yetu. Alitukaribisha, akatupa viti. Alisema atarudi kuandika, ila ufunguo hataki, na kila tarakimu isomwe kwa sauti na mama mwingine aliyeshika kidaftari kabla haijahifadhiwa. Tumekubali.

Kugawana ni Jumamosi tarehe 20 Desemba. Kila mmoja aje na kidaftari chake.