Matope Chini ya Theluji

Vuga kuna baridi, lakini theluji hatuna. Mwezi wa Saba ukungu hushuka hadi mlangoni pa kanisa, na mara mojamoja mvua ya mawe huharibu kabichi zetu shambani. Weupe ule unaotajwa katika Biblia hatujaukanyaga. Kwa hiyo kila nilipofika Isaya 1:18 katika darasa la kipaimara, niliwaambia watoto wafikirie pamba au unga wa sembe, kisha tukaendelea.

Darasa la mwisho nililofundisha halikuhitaji pamba. Vijana walikuwa wameiona theluji kwenye televisheni, katika mchezo wa PlayStation 2 unaoitwa SSX 3. Mchezo huo ulitengenezwa Kanada ukatoka mwaka 2003, na kwetu ulifika ukiwa umeshapita mikono mingi. Mchezaji husimama juu ya ubao uliofungwa miguuni, akateremka mlima mkubwa wenye vilele vitatu, akishindana na wenzake na kujizungusha hewani ili apate alama. Kuteremka si jambo geni kwa mtoto wa Usambara. Nani kati yetu hajateleza kwenye njia ya udongo mwekundu wakati wa masika, ndoo ikiwa kichwani?

Niliketi nao siku moja nikatazama. Anayetua vibaya hubingirika, wenzake wakampita, na nguvu alizokusanya zikapungua. Kuanguka kuna gharama, na mchezo hauifichi. Lakini hafukuzwi mlimani. Huinuka palepale alipoanguka, na mbio zake zikaendelea.

Jumamosi iliyofuata tulisoma Isaya. Kijana mmoja, ambaye kwa kawaida hukaa nyuma na hasemi, alinyoosha mkono. "Mwalimu, theluji ikiyeyuka, chini si kuna matope yaleyale?"

Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilijua anamuulizia nani. Dada yake alizalia nyumbani, akatengwa, akatubu. Alipiga magoti mbele ya madhabahu, akaombewa, akarudi kundini sote tukishuhudia. Lakini kisimani na sokoni bado anaitwa "yule aliyezalia nyumbani". Kijana alikuwa ameona theluji ikimwagwa juu ya dada yake Jumapili, na kufikia Jumatatu imeshayeyuka.

Nilimwomba asome tena mstari ule polepole. Nabii hasemi kwamba Mungu atatandika kitu cheupe juu ya dhambi ili zisionekane. Anasema dhambi zenyewe, nyekundu kama nguo iliyotiwa rangi, zitakuwa nyeupe. Sisi wa milimani tunaujua wekundu unaogoma kutoka. Mama anayefua shati jeupe la shule lililoanguka kwenye udongo wetu anaweza kusugua mpaka vidole vikauma, na doa likabaki. Isaya anazungumzia doa la namna hiyo, lile ambalo mkono wa mtu umeshindwa. Daudi naye, baada ya kukemewa na nabii Nathani, hakuomba afunikwe. Katika Zaburi ya 51 anaomba aoshwe, awe mweupe kuliko theluji. Kwa hiyo nilimjibu kijana: theluji ya mlimani huyeyuka, na matope yakaonekana. Aliyeoshwa na Mungu hana matope chini.

"Basi mbona watu wanayaona?" akauliza.

Hapo niliwasimulia habari ya mwaka 1848. Mwaka huo mmisionari Johannes Rebmann aliona theluji juu ya Kilimanjaro, na mwaka huohuo mwenzake Krapf alifika hapa Vuga kwa mfalme Kimweri. Rebmann aliandika alichokiona. Huko London, mtaalamu wa jiografia aliyeitwa William Desborough Cooley alimpinga kwa miaka mingi. Hakuwa amefika Kilimanjaro. Alikuwa ameshaamua kwamba katika nchi yenye joto kama hii theluji haiwezi kuwapo. Mlima haukubadilika kwa sababu ya maneno yake. Uliendelea kuwa mweupe, na wasafiri waliokuja baadaye waliuona.

Ndugu zangu, swali la kijana yule si la darasa la kipaimara peke yake. Ni letu sote tunaoimba siku mtu anaporudishwa kundini, kisha tukifika njia panda tunamrudishia jina lake la zamani. Tunafanana na yule bwana wa London: tumeshaamua kwamba pale hapawezi kuwa peupe, hata kama Bwana mwenyewe ameosha. Na matope tunayoyaona, mara nyingi tumeyachota wenyewe kwa midomo yetu.

Yule dada bado anakuja kanisani, lakini huketi benchi la mwisho karibu na mlango, na hutoka kabla ya baraka ili asikutane na watu. Mdogo wake atabarikiwa mwaka ujao, Mungu akipenda. Siku hiyo atatazama tunamwitaje dada yake uwanjani baada ya ibada, na hapo ndipo atakapojua kama tunaliamini neno la Isaya. Tumwite kwa jina alilobatizwa nalo.