Kukopa, Kuazima na Mali Kauli ya Maktaba

Naanza na maneno mawili ambayo wanafunzi wangu wengi wa sekondari waliyatumia kana kwamba ni pacha: kukopa na kuazima. Anayekopa kibaba cha mchele huula, kisha hurudisha kibaba kingine. Anayeazima sufuria hurudisha sufuria ileile, tena imesuguliwa. Mkopo hulipwa kwa mfano wake. Azima hurejeshwa yenyewe. Kitenzi hiki cha pili kina uungwana wake pia. "Niazime jembe" huambiwa mwenye kutoa, na "nimeazima jembe" husema mwenye kupokea. Wote wawili wamo ndani ya neno moja.

Wahenga hawakukipenda cha kuazima. Walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Kuhusu nguo sina ubishi. Kuhusu kitabu ninao. Kwa vitabu vya ushairi wetu, mara nyingi cha kuazima ndicho pekee kilichobaki cha kutusitiri.

Iko huduma ambayo watunzi wengi ninaokutana nao hawaitumii: kuazimana vitabu baina ya maktaba. Msomaji akikikosa kitabu katika maktaba ya chuo, hajakikosa duniani. Huenda kwa mkutubi akajaza fomu: jina la mwandishi, jina la kitabu, mchapishaji, mahali na mwaka. Akitaka makala, huandika jina la jarida, juzuu, toleo, mwaka na kurasa. Mkutubi hupekua orodha za maktaba nyingine, kisha huomba kwa jina la chuo. Maktaba yenye kitabu ndiyo huamua kukituma, kutoa nakala ya kurasa zinazohitajika, au kukataa. Makala siku hizi huweza kuja kwa baruapepe. Kitabu cha zamani kikija, aghalabu huja na sharti la kusomewa humohumo maktabani.

Kwetu jambo hili si geni. East African Literature Bureau, iliyoanzishwa mwaka 1948 na kuwa na makao yake Nairobi, haikuishia kuchapa vitabu. Iliviazimisha pia kwa posta na kwa makasha. Chini ya nembo yake ya Eagle Press ndipo kilipotoka, mwaka 1954, kitabu cha Kaluta Amri Abedi, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Mwandishi huyo ndiye aliyekuja kuwa Mwafrika wa kwanza kushika umeya wa Dar es Salaam.

Kitabu hicho ndicho kilichonipeleka kwenye fomu. Kijana mmoja muuza vitenge wa Mtaa wa Kongo, mtunzi mzuri wa tarbia, alikuwa na mzozo na wenzake juu ya vina na mizani. Kila upande ulimtaja Amri, na hakuna aliyewahi kukishika kitabu chake. Siku moja akaniuliza, "Shikamoo Mwalimu. Hivi hicho kitabu kipo kweli, au limebaki jina tu?"

Ninayo kadi ya msomaji katika maktaba ya chuo kimoja cha ualimu. Nikajaza fomu. Wiki kadhaa zikapita, kitabu kikaja kutoka maktaba nyingine, jalada limechakaa, na karatasi ya masharti ndani yake: siku 14, kisitoke chumba cha kusomea, kisinakiliwe chote.

Nilikwenda na kijana yule. Aliisoma karatasi, akanitazama. "Mwalimu, wamekitoa bila rehani?"

"Bila rehani."

"Basi hii ni mali kauli."

Kariakoo nzima yalijua neno hilo. Mfanyabiashara huchukua mzigo kwa kauli yake tu, akauza, kisha akapeleka fedha. Akiivunja kauli mara moja, hujifungia mlango yeye na wale waliokuwa wakija nyuma yake. Nimefundisha miaka mingi, na sijapata fasili bora zaidi ya huduma hii.

Siku ya tatu kijana akatoa simu. "Nusu saa tu, nakipiga picha chote. Nani atajua?"

Nikamuuliza, "Mwenye mzigo akikwambia usiuze chini ya bei fulani, wewe ukishafika kwenye meza yako huuza?"

Akairudisha simu mfukoni. Siku iliyofuata alikuja na kauntabuku, akaandika kwa mkono wake yale aliyoyahitaji. Ilimchukua siku nne, baada ya kumwachia mdogo wake meza. Aligundua kwamba mawili matatu kati ya waliyomsingizia Amri hayamo kitabuni. Kitabu kikarudi kwao kabla ya siku yake.

Kama picha zile zingepigwa, ambaye angepoteza si mimi wala yeye. Angepoteza mtunzi wa mwaka kesho, atakayefika kwenye meza ileile na kuambiwa kwamba chuo hiki hakiazimwi tena. Vitabu vyetu vya zamani vimebaki nakala chache, zimetawanyika. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na shirika lile la uchapishaji la pamoja likafikia ukomo wake. Nasi tulioliona soko letu likiungua Julai 2021 hatuhitaji kufundishwa hatari ya kuweka mali mahali pamoja.

Lakini huwezi kuomba usichojua kwamba kipo. Miswada ya mashairi ya Kiswahili na Kiarabu iliyohifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitolewa orodha yake na J. W. T. Allen, ikachapwa Leiden mwaka 1970. Kwa orodha ile, mtu aliye Lamu au Tanga anaweza kutaja anachokitaka. Orodha ndiyo mlango wa kuombea.

Hapo ndipo nawageukia watunzi wenzangu. Wengi wetu tunachapa diwani kwa wachapaji wadogo wa mitaani, tunaziuza mkononi, zikiisha zimeisha. Hazimo katika orodha yoyote. Maktaba Kuu ya Taifa, iliyofunguliwa mwaka 1967, iko Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Kutoka Kariakoo unakatiza Mnazi Mmoja kwa miguu, ukafika. Mpelekee mkutubi nakala zako kabla hujamaliza kuziuza. Na ukikihitaji kitabu cha mwenzio, jaza fomu, uandike mwaka na mchapishaji kwa usahihi. Kila fomu inayojazwa humwambia mkutubi kwamba kitabu kile bado kina wenyewe.